Naombeni ushauri: programu tatu zinanipa umbali tofauti kwa nukta zilezile

Mwanzisha uzi
Habari wakuu. Nina faili la GeoJSON (muundo wa data za ramani) lenye nukta 40,000, na kila moja natakiwa kuitafutia kituo cha karibu kati ya vituo 3,000. Kabla ya kuanza nikajaribu nukta mbili tu: zote latitudo 60, longitudo 10 na 11. Shapely, maktaba ya Python ya maumbo, imenipa 1. geopy, maktaba nyingine ya Python ya kupima umbali duniani, imenipa kilomita 110.6. Fomula ya haversine niliyoiandika mwenyewe imetoa 55.6. Niamini ipi? Siku mbili sasa sijasogea.

Mpimaji
Mkuu, haversine yako ndiyo iliyokaribia. Shapely inahesabu kwenye karatasi bapa, kwa hiyo hiyo 1 ni digrii, si kilomita. Digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 111 kwenye ikweta, lakini inapungua kadiri unavyoelekea ncha. Kwenye latitudo 60 inabaki nusu.

Kwa geopy umegeuza mpangilio. GeoJSON huanza na longitudo, geopy inataka latitudo kwanza. Umeipa nukta zilizo latitudo 10 na 11, nayo ikapima kwa uaminifu kabisa mahali pengine. Kosa hili ni baya kwa sababu halipigi kelele: geopy itagoma pale tu namba iliyokaa kwenye latitudo inapozidi 90.

Mwanzisha uzi
Loh! Nimegeuza, sasa inasema 55.8. Hizo mita 200 za tofauti na haversine zimetoka wapi?

Mpimaji
Haversine inaichukulia dunia kuwa tufe kamili la nusukipenyo cha kilomita 6,371. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: 6,378 ikweta, 6,357 kwenye ncha. geopy inafuata umbo hilo kwa mbinu ya Karney ya 2013. Ukikutana na msimbo wa zamani wenye mbinu ya Vincenty, ya 1975, kuwa mwangalifu: nukta zikiwa karibu pande mbili kinyume za dunia, inaweza kushindwa kufikia jibu.

Data Usiku
Naongeza la kasi. 40,000 mara 3,000 ni jozi milioni 120, usizipitishe zote geopy, utakesha. Tumia BallTree ya scikit-learn (maktaba ya Python), inayopanga nukta ili kupata za karibu haraka bila kupima jozi zote, kwa kipimo cha haversine. Inataka pembe kwa radiani, si digrii, latitudo kwanza, na jibu unalizidisha kwa 6,371 upate kilomita. Kwa kila nukta chukua vituo vitano vya karibu, si kimoja, kisha hivyo vitano ndivyo uvipime kwa geopy. Umbali wa vituo viwili ukikaribia kulingana, hesabu ya tufe inaweza kukuchagulia kisicho chenyewe.

Kama data iko PostGIS (hifadhidata ya ramani), weka safu iwe ya aina ya geography; ukiiacha geometry yenye digrii, ST_Distance itakurudishia digrii kama Shapely.

Mpimaji
Swali moja: watu watafika vituoni kwa barabara? Haya yote ni mstari wa moja kwa moja. Mto ukikatiza katikati, cha karibu kinakuwa kingine. Hapo utahitaji OSRM, programu ya kupima njia za barabara.

Mwanzisha uzi
Ni kwa redio, barabara haihusiki. Naanza na BallTree usiku huu, nitaleta majibu hapahapa. Asanteni sana.