Naomba ushauri: nataka kumpeleka mama Mandara, kwenda na kurudi siku moja

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 61. Amezaliwa Marangu, Kilimanjaro ameuona tangu utoto, lakini hajawahi kuvuka geti la hifadhi. Mwezi wa tisa nataka nimpeleke hadi Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji kwenye njia ya Marangu, turudi siku hiyo hiyo.

Geti liko kwenye mwinuko wa mita kama 1,870, Mandara ni kama 2,700, na njia ni kilomita 8 hivi za msituni. Kupanda hakunitishi, maana shambani mama anashinda tangu asubuhi. Hofu yangu ni kushuka: goti la kushoto humsumbua kwenye mteremko, na ule udongo ukilowa unateleza. Fimbo moja inatosha, au achukue mbili? Mliopanda na wazazi wenu mlitumia saa ngapi?

Tunatokea Moshi mjini. Tuondoke saa ngapi ili tupate muda wa kufika na kwenye kreta ya Maundi, jirani na Mandara? Natamani sana aichungulie kreta ile. Mwongozaji tutamchukua, hilo halina mjadala. Ila akichoka njiani na akakataa kurudi, nimsikilize au nimgeuze? Nisaidieni jamani.