Mjumbe wa nyumba kumi: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu. Nimehamia Mbagala wiki iliyopita. Kabla hajanipa funguo, mwenye nyumba akauliza, "Kwa mjumbe umeshaenda?" Nikacheka, nikidhani mambo hayo yaliisha na chama kimoja.

Nikaenda. Mama mtu mzima anamenya vitunguu, pembeni daftari la kaunta limejaladiwa gazeti. Akaandika jina, nilikotoka, kazi yangu. Ukutani bendera ya CCM. Mashina haya, yaani makundi ya nyumba kumi kumi, yalianzishwa miaka ya 1960 na TANU, chama kilichoitangulia CCM. Vyama vingi vikarudi 1992, na mtaa una mwenyekiti tunayempigia kura. Mjumbe anachaguliwa na wanachama wenzake tu, lakini ndiye anayenijua mimi nisiye na kadi. Ninyi yenu yakoje?

Mpangaji wa Manzese: Nilihitaji barua ya kumdhamini ndugu yangu polisi. Ofisi ya mtaa wakasema nianze kwa mjumbe. Mzee macho hayaoni vizuri, akaniambia niandike mwenyewe, yeye atie sahihi. Nikajiandikia kwamba mimi ni mtu mwadilifu sana. Buku mbili "ya maji".

Mama Genge: Msimchukulie poa. Mume alinifungia nje na mtoto saa saba usiku. Aliyekuja na tochi ni mjumbe, kajifunga kanga kifuani. Akagonga mara moja tu: "Baba fulani, ni mimi." Mlango ukafunguka. Kadi hakuniuliza.

Boda Mpinzani: Mimi bendera ya upinzani iko kwenye pikipiki. Majina ya mgao wa vyandarua yalipita kwa mjumbe, nyumba yetu ikarukwa. Eti alisahau, na tunapakana ukuta! Ila mama yangu alipofariki, huyohuyo alizunguka na daftari nyumba kwa nyumba, rambirambi ikanifikia yote. Mpaka leo sijui nimuweke fungu gani.

Jirani wa Nairobi: Huku Nyumba Kumi ililetwa 2013 kwa ajili ya usalama, wazo likitoka kwenu. Ploti yetu ina vyumba ishirini na nne na hatujuani. Tuko na grupu la WhatsApp, kazi yake kuuliza kama maji yamerudi.

Mleta mada: Asanteni. Hivi mtu akihama huwa anafutwa? Juu ya jina langu kuna wapangaji watatu wa chumba hichohicho, na hakuna aliyekatwa.