Hesperian, Hinari au takwimu za DHS: tuanzie wapi kwa kazi ya afya na haki za jamii?

Sauti ya Mto
Wakuu, habari zenu. Asasi yetu ndogo imepata laki tisa za bando na mafunzo ili watu wetu waanze kutumia vyanzo vya mtandaoni. Kikao ni Jumamosi na lazima tutoke na uamuzi. Mezani kuna mapendekezo matatu: miongozo ya afya ya Kiswahili ya shirika la Hesperian, akaunti ya Hinari (mpango unaofungua majarida ya kitaalamu ya afya) kwa ajili ya tafiti, au tujifunze kusoma takwimu za DHS (tafiti za kitaifa za afya na uzazi zinazohoji kaya). Kipi kina manufaa zaidi? Naomba uzoefu wenu.

Takwimu Hai
Manufaa kwa kazi ipi? Mpo nchi gani? Mnaelimisha au mnadai haki? Hao watu wenu wanasoma Kiingereza? Mtandao unashika? Usipoyasema hayo, kila mtu hapa atakutajia anachokipenda mwenyewe.

Mkunga Mstaafu
Mimi sisubiri hayo majibu. Hesperian. Nimetumikia zahanati za vijijini maisha yangu yote ya kazi, na Mahali Pasipo na Daktari, kitabu chao, kilikuwa kitabu pekee ambacho mhudumu na mama mjamzito waliweza kukifungua pamoja wakaelewana. Leo mambo hayo yapo mtandaoni, mada moja moja, yana michoro na dalili za hatari zinazotaka mtu akimbizwe kituoni. Ongeza video za mafunzo za shirika la Global Health Media: mtoto mchanga asiyepumua, unyonyeshaji, damu kutoka baada ya kujifungua. Zinapakuliwa bure na baadhi zina sauti ya Kiswahili. Unazihifadhi kwenye simu ukiwa mjini, unaenda kuzionyesha kijijini bila bando. Sasa hiyo Hinari mama wa kijijini aifanyie nini?

Msomi wa Ziwani
Mama, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Anayezungumza na watunga sera lazima awe na tafiti mkononi. Hinari ilianzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, na inafungua majarida ambayo vinginevyo makala moja ni fedha nyingi. Inayojisajili ni taasisi, si mtu binafsi, na asasi za ndani zinaruhusiwa. Kwa taasisi za Tanzania, ambayo iko kundi A, ni bure kabisa. Kwa hiyo laki tisa hazihusiki hapo, kinachohusika ni muda wa kujaza fomu. Kuna pia AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998. Tafiti nyingi zetu wenyewe ziko humo na watu hawazisomi.

Mkunga Mstaafu
Marahaba mwanangu. Bado hujaniambia mama wa kijijini ataisomaje.

Sauti ya Mto
Samahani, nilitakiwa kueleza mapema. Tuko Tanzania, mkoa wa Kigoma. Shida yetu ni hii: wajawazito wanaambiwa waje na glavu, mpira wa kujifungulia, pamba, na wengine wanatozwa hela taslimu kabla ya kuruhusiwa. Diwani tumemfuata, anasema tulete ushahidi. Watu wetu wengi ni darasa la saba na kidato cha nne, Kiingereza cha kubabaisha. Mtandao unashika ukipanda mlimani.

Wakili Kijana
Hayo ungeyaandika kwenye ujumbe wa kwanza tungekuwa tumeshafika mbali. Kwa shida hii, katika hayo matatu hakuna cha kuanzia. Anzeni na waraka. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wapate huduma bila malipo katika vituo vya umma. Chapisheni ukurasa ule, pigeni mstari chini ya sentensi ile, mpelekeeni diwani. Kisha ingieni tovuti ya TanzLII, sheria na hukumu za Tanzania ziko wazi bila kulipa. Tanzania imeridhia Itifaki ya Maputo ya 2003, ya haki za wanawake Afrika, na ibara ya 14 inazungumzia afya ya uzazi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu unayo ibara ya 16. Someni pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kwa sababu mtaambiwa utaratibu umebadilika, na ni vizuri muwe mmeisoma kabla yao.

Mwana wa Nyanza
Huku Kenya tunayo ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na mtu anaweza kwenda nayo kortini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliizuia sheria ya bidhaa ghushi isitumike dhidi ya dawa halali za ARV za bei nafuu, na waliofungua kesi walikuwa watu wanaoishi na virusi wenyewe. Hukumu nzima iko kwenye tovuti ya Kenya Law, unaisoma bila hata kujisajili. Ndiyo maana mimi nasema chanzo bora cha mtandaoni kwa mtetezi wa afya ni tovuti ya sheria.

Wakili Kijana
Ndugu yangu, nyinyi mna ibara inayosimama mahakamani. Kwetu haki ya afya haimo hivyo kwenye Katiba, kwa hiyo tunapita mlango wa haki ya kuishi na wa sera. Sauti ya Mto asiige mkakati wa Kenya kama ulivyo.

Takwimu Hai
Turudi kwenye DHS kabla haijazikwa. Utafiti wa Tanzania wa 2022 unaonyesha asilimia 81 ya watoto walizaliwa kituoni, kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16. Hiyo ni hoja kubwa kwa diwani: kina mama wameitikia wito wa kujifungulia kituoni, na sasa wakifika wanadaiwa glavu. Tena takwimu ya mahali pa kujifungulia inapatikana kimkoa, Kigoma unaiona peke yake. Ila msiende na ile ya vifo vya uzazi, 104 kwa kila vizazi hai 100,000, mkaiita ya Kigoma. Ni ya nchi nzima na haigawanywi kimkoa.

Msomi wa Ziwani
Hata kitaifa hiyo 104 itumike kwa uangalifu. Utafiti uliotangulia ulitoa 556. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Zote zinahusu Tanzania hiyo hiyo.

Takwimu Hai
Kwa sababu njia ni tofauti. DHS inawauliza wanawake kuhusu dada zao waliofariki, na jibu linagusa miaka kadhaa nyuma, si mwaka wa utafiti pekee. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanachanganya vyanzo vingi na hesabu za kitaalamu. Hapana aliyedanganya. Lakini ukisimama kikaoni na namba moja bila kusema imetoka wapi, mtu mmoja mwenye namba nyingine atakuangusha. Jambo jingine la kuzingatia: mpango wa DHS uliegemea fedha za Marekani na ulisimamishwa mwaka 2025. Pakueni ripoti mnazozitaka mapema.

Asiyelala
Naomba niseme jambo ambalo hakuna aliyeligusa, maana nyote mnaongelea kusoma na hawa ndugu wataishia kukusanya. Diwani amesema ushahidi.

Nilikuwa mhudumu wa kujitolea katika mradi wa watu wanaotumia ARV. Sitataja mkoa wala shirika. Mratibu alitaka kila wiki ajue nani amekosa dawa, kwa hiyo akafungua jedwali la mtandaoni: jina kamili, namba ya simu, kijiji, tarehe ya kuanza dawa. Kiungo kilikuwa cha "yeyote mwenye nacho anaweza kufungua", eti ili wahudumu wasihangaike na nywila. Tulikihoji, tukajibiwa mfadhili anataka takwimu kwa haraka. Kiungo kikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, kundi likawa na watu waliokwisha kuacha mradi, na mmoja akakipeleka kwingine. Dada mmoja wa kijiji chetu alijulikana na ukoo mzima wa mumewe kupitia jedwali lile. Alirudishwa kwao na watoto wawili. Kliniki aliacha. Tulipomfuata alitwambia haamini tena mtu yeyote mwenye kalamu na simu, na sikuwa na neno la kumjibu. Mradi ukaandika ripoti kwamba umewafikia walengwa.

Kwa hiyo kabla ya Hesperian, Hinari na DHS: majina ya kina mama hayo mtayaweka wapi? Nani atayafungua? Mama akitajwa, siku ya kujifungua tena atapokelewaje kituoni kilekile?

Mkunga Mstaafu
Pole sana mwanangu. Hili ndilo la kuanza nalo.

Wakili Kijana
Na kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ni nyeti. Msikusanye jina ambalo hamlihitaji. Kwa diwani inatosha: mwezi, kituo, alichotakiwa kununua, kiasi alichotozwa, kama alipewa risiti.

Takwimu Hai
Programu za kukusanya taarifa kwa simu, KoboToolbox au ODK, zinafaa hapo. Fomu unaiandaa kwa Kiswahili, inajazwa bila mtandao, inatumwa mkishuka mjini. Kila mhudumu na akaunti yake.

Asiyelala
Au daftari na kabati lenye kufuli. Simu inaibiwa.

Takwimu Hai
Daftari nalo linaibiwa, tena halina nywila. Na nani atajumlisha daftari za vijiji vyote?

Mwana wa Nyanza
Treatment Action Campaign, kundi la Afrika Kusini linalodai dawa za VVU, lilianza mwaka 1998. Mwaka 2002 walishinda Mahakama ya Katiba kuhusu nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto na VVU, kwa wajawazito. Walikuwa na mawakili na tafiti, ndiyo, lakini nguvu yao ilikuwa wanachama walioelewa dawa zao vizuri kiasi cha kubishana na waziri. Mafunzo ya namna hiyo ndiyo ya kutolea hela.

Msomi wa Ziwani
Na walizielewa kutokana na tafiti. Narudi palepale.

Mkunga Mstaafu
Tafiti zilizoelezwa kwa lugha yao, kwa michoro. Nami narudi palepale.

Sauti ya Mto
Asanteni wote, nimechukua mengi. Dada au kaka Asiyelala, simulizi yako nitaisoma kikaoni ukiniruhusu. Sasa nina maswali mengine: takwimu za kituo chetu chenyewe, zile za vitabu vya MTUHA (kumbukumbu za huduma za kituo), tunaweza kuziona mtandaoni kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, au hadi tumwombe mganga mkuu wa wilaya?

Takwimu Hai
Akaunti ya DHIS2 hutolewa na serikali, haifunguliwi na kila mtu. Andikeni barua, na ombeni jumla tu za kituo, bila taarifa ya mgonjwa yeyote. Mganga mfawidhi ni mtu wa upande gani katika jambo hili? Anawaunga mkono au ndiye anayelalamikiwa?

Sauti ya Mto
Inategemea unamuuliza nani. Yeye anasema glavu haziletwi za kutosha na hana fungu la kununua.

Mkunga Mstaafu
Naye huenda anasema kweli. Nimewahi kukaa mwezi mzima bila glavu za kutosha na wajawazito wanaingia mlangoni. Ulizeni maombi ya vifaa ya kituo hicho yalitumwa lini na kilicholetwa ni kiasi gani, kamati ya usimamizi wa kituo ina haki ya kuyajua hayo. Kuna mwanakamati mnayemwamini?