Utabiri wa joto na ngurumo Dar es Salaam: ni siku ngapi mbele mwenye mzigo wa nyanya anaweza kuuamini?

Mpanga Tenga (Ilula, Iringa) anauliza:

Kamwene ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na shikamooni wakubwa. Mimi hununua nyanya kwa wakulima wa hapa Ilula na kuzipeleka Dar es Salaam kwa Fuso, safari moja au mbili kwa wiki. Kuanzia Desemba hadi Machi kazi hii hunitia mashaka, kwa sababu huku kwetu ni msimu wa mvua na asubuhi tunavaa sweta, wakati kule ninakopeleka mzigo watu wanalala madirisha wazi kwa joto.

Wiki tatu zilizopita programu ya hali ya hewa katika simu yangu ilionyesha Dar es Salaam alama ya wingu lenye radi kwa siku kumi mfululizo, pamoja na nyuzijoto 32 kila siku. Nikaogopa matenga yasije yakalowa wakati wa kushusha, nikaahirisha kupakia kwa siku tatu. Dalali akanipigia kusema kwamba halikudondoka hata tone, na bei ilikuwa nzuri. Mzigo ulipofika ulikuwa umeiva kupita kiasi, nikauza kwa hasara. Safari iliyofuata nikaipuuza alama ile ile, nikapakia, na mvua ya radi ikawakuta vijana saa kumi alfajiri wakiwa wamefungua turubai. Matenga thelathini yalilowa. Joto, hata hivyo, lilikuwa 32 au 33 siku zote, kama ilivyotabiriwa.

Maswali yangu ni haya. Kwa nini joto wanalipata na radi wanaikosa? Na TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanapoandika “mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua”, mtu mwenye mzigo aelewe nini?

Mpima Mvua Mstaafu (Mbeya) anajibu:

Marahaba, binti yangu. Nilifanya kazi ya kupima hali ya hewa kwa miaka mingi, na swali lako tuliulizwa kila msimu, ingawa wengi hawakuuliza kwa upole kama wewe. Ule mstari mmoja wa simu yako umebeba tabiri mbili za asili tofauti, na kila moja ina umri wake.

Joto la mchana ni jambo la eneo pana. Mwezi Januari na Februari Dar es Salaam hupata hewa iliyopita juu ya Bahari ya Hindi ikiletwa na upepo wa kaskazi, na kwa kuwa bahari hupata joto na kulipoteza polepole sana, jana, leo na kesho hazipishani kwa mengi. Hewa hiyo hiyo imefunika Bagamoyo, Kibaha na Mkuranga. Mtabiri akikosea kwa nyuzi moja, wewe na dalali wako hamtagundua.

Ngurumo ni jambo la mahali padogo na la muda mfupi. Wingu la radi halijengeki mpaka kuwe na unyevu wa kutosha karibu na ardhi, hewa ya juu iliyo baridi kiasi kwamba ile ya chini ikianza kupanda haizuiliki, na kitu cha kuisukuma ianze kupanda. Unyevu Dar es Salaam haukosekani. Kinachowatesa watabiri ni msukumo. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na milima: jua likipiga miteremko ya Loleza na Rungwe tangu asubuhi, kufikia saa nane mchana wingu limekwisha kusimama, na hata mtoto anajua kwamba ni wakati wa kuanua nguo. Pwani hakuna mlima wa kukuonyesha hivyo. Kuna mpaka usioonekana ambapo upepo wa bahari hukutana na hewa moto ya nchi kavu. Mpaka huo huanzia ufukweni kabla ya adhuhuri na kusogea bara, hivyo wingu linaweza kuinuka Pugu au Kisarawe ilhali Kariakoo jua linawaka. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo huvuma kutoka bara, ule ambao wavuvi huuita umande, na mvua hujijenga juu ya bahari na kuingia mjini alfajiri. Nadhani matenga yako thelathini yalilowa kwa njia hiyo, na ndiyo maana mimi ningekuwa mfanyabiashara ningeiogopa saa kumi ya alfajiri kuliko saa kumi ya jioni.

Sasa fikiria ukubwa wa kitu chenyewe. Wingu moja la radi huwa na upana wa kilomita chache na mara nyingi huishi nusu saa hadi saa moja. Kompyuta za utabiri huigawa dunia katika miraba, na mfumo mkuu wa kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambao programu nyingi za simu huutegemea, una miraba ya takriban kilomita 9. Wingu zima linaweza kuzaliwa na kufa ndani ya mraba mmoja. Kompyuta hailioni, hukisia tu kwamba siku hiyo mraba huo una dalili zake, kisha programu ya simu hukuchorea wingu na mwale wa radi juu ya siku nzima, kana kwamba mvua itaanza alfajiri na kwisha usiku.

Wewe unalijua jambo hili kuliko unavyodhani. Ukipakia matenga mia mbili, una hakika kwamba nyanya kadhaa zitapasuka kabla ya Chalinze, lakini huwezi kuishika moja mkononi pale Ilula ukasema ni hii. Maneno “maeneo machache” ni ya namna hiyo. Yanasema kwamba ndani ya mkoa ngurumo zitakuwapo, kwamba sehemu ndogo tu itazipata, na kwamba kwa sasa hakuna anayeweza kuitaja. Anayesoma hapo kwamba soko lake litanyeshewa amesoma zaidi ya kilichoandikwa, na anayelalamika baadaye kwamba TMA wamekosea kwa sababu mtaani kwake kulikuwa kukavu hajawatendea haki.

Kuhusu idadi ya siku: joto la pwani lisome hata siku tano mbele bila wasiwasi. Ngurumo za siku tano mbele zichukue kama tabia ya wiki tu, yaani wiki ya unyevu au wiki kavu. Siku moja kabla, unaweza kupata ni sehemu gani ya siku yenye hatari zaidi. Mahali hasa hujulikana saa mbili au tatu kabla, kwa picha za setilaiti ya Meteosat, zinazopigwa kila dakika 15 au chini ya hapo, na kwa rada ambayo TMA wanayo Dar es Salaam. Ila wakitoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, hilo ni jambo jingine. Soma uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari walivyoviandika, na usilipime kwa alama za simu.

Dereva wa Kitonga anajibu:

Mzee amesema kweli. Mimi ninaongeza la barabarani tu. Nimewahi kupita Kibaha kukiwa na mvua ya kuwasha taa mchana, nikafika Ubungo vumbi linatimka, na abiria wa mbele akaniuliza kama tumebadili mkoa. Halafu dada, usiutazame utabiri wa Dar es Salaam pekee. Mzigo wako unaanza kuumwa na joto mara unapomaliza kushuka mteremko wa Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni, ambako mchana ni tanuri na hakuna upepo wa bahari wa kukupoza. Mimi hupita pale usiku. Turubai nalifunga sehemu ya juu tu, pembeni naacha hewa ipite, kwa sababu turubai lililofungwa pande zote hufanya kazi ya chungu kilichofunikwa.

Na vijana wa kushusha wasikae juu ya mzigo radi inapopiga. Mwanga huonekana papo hapo, lakini sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja, kwa hiyo ukihesabu sekunde tangu mwanga hadi ngurumo ukafika tisa, radi imepiga kilomita tatu tu kutoka ulipo. Waingie ndani ya kabini, wafunge vioo, wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Mwalimu wa Fizikia (Mafinga) anajibu:

Ninaheshimu sana maelezo ya mzee, lakini kuna sifa moja ambayo sitaki simu ipewe bure. Kutabiri nyuzijoto 32 kwa Dar es Salaam mwezi Februari ni kazi nyepesi. Mtu asiye na kompyuta, akiandika kila asubuhi kwamba kesho itakuwa kama leo, atapata siku nyingi kuliko atakazokosa. Ukitaka kuupima utabiri wa joto la pwani, tazama mambo ambayo hayatabiriki kwa kalenda: unyevu, upepo, na joto la chini kabisa la usiku.

Chukua unyevu. Nyuzijoto 32 zenye unyevu wa asilimia 60 mwili huzihisi kama 38 hivi, na unyevu ukifika asilimia 70 huzihisi kama 41, kwa sababu jasho halikauki. Hapo kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Namba ni 32 ile ile. Tena namba hiyo hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, karibu mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi, mahali pa wazi. Juu ya lami ya soko, kati ya bati na kuta za saruji zilizokula jua mchana kutwa, hali ni nyingine kabisa, na usiku kuta hizo huendelea kutoa joto wakati mashamba ya pembezoni yamekwisha kupoa. Machi, kaskazi inapolegea na kusi haijaanza, yaani wakati wa maleleji, hata upepo wa kupunguza adha hiyo hupungua.

Sasa mama, na hapa ninaomba tuelewane: hesabu hiyo ya “kuhisi” ni ya binadamu. Nyanya haitoi jasho. Wapagazi wako iwahusu, mzigo usiuhusu. Kwa nyanya tazama joto lenyewe la hewa, hasa la usiku, kwa kuwa tenga lililofika na joto la njiani litapumua usiku kucha, na kama usiku haushuki chini ya nyuzijoto 25 hakuna nafasi ya kupoa. Nyanya ambayo bado inageuka rangi, ikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, hushindwa kupata wekundu wake na kubaki ya machungwa, na mnunuzi hudhani ni mbegu mbaya. Kwa hiyo zile siku tatu ulizoahirisha kwa kuogopa radi zilikugharimu kwa upande wa joto, ambalo ndilo lililokuwa na uhakika.

Kuhusu asilimia za mvua, ukiona 40 usielewe kwamba itanyesha kwa muda wa asilimia 40 ya siku. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye dalili kama hizo, mahali pale pangenyeshewa siku nne hivi. Kituo cha Ulaya huendesha utabiri mmoja mara 51 kwa kubadili kidogo hali ya kuanzia, kisha huhesabu ni mara ngapi mvua imetokea. Alama moja ya wingu kwenye simu imeficha mabishano yote hayo.

Mpanga Tenga anarudi:

Nimewashukuru nyote. Mzee, nimeelewa kwamba nilikuwa nikipanga siku ya kupakia kwa kutumia kitu kinachojulikana saa tatu kabla, na kupuuza kile kinachojulikana siku tano kabla. Nitapakia kwa kufuata joto, na radi nitaishughulikia kwa turubai na kwa saa ya kufika. Nimemwambia dereva tuondoke mapema ili tushushe mzigo usiku wa manane badala ya alfajiri, naye amekubali ingawa ameguna. Mwalimu, nitachagua zilizoanza kugeuka rangi zibaki Ilula siku mbili zaidi.

Limebaki moja. Kijana wangu amenionyesha kwenye intaneti ramani inayoonyesha mvua kubwa kuelekea pwani keshokutwa saa 12:00. Je, hiyo ni saa sita mchana au saa kumi na mbili?

Mpima Mvua Mstaafu anajibu:

Si hiyo wala hiyo, binti yangu. Ramani nyingi za namna hiyo huandikwa kwa saa za dunia, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kama pembeni ya saa kuna herufi Z au UTC, hiyo 12:00 ni saa tisa alasiri ya kwetu. Kwa safari yako, tazama ile iliyoandikwa 00:00 na 03:00, maana hizo ni saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi.