Gumzo la dufaa yetu ya Khartoum (tuliosoma pamoja chuoni): Huda kapatikana

Jumapili, 9 Novemba 2025

Khamis (Unguja) 20:41
Assalaam alaykum dufaa. Someni mpaka mwisho kabla hamjajibu. Huda kapatikana. Yu hai, yuko Tawila, kule Darfur walikokimbilia watu wa El Fasher, na mama yake na watoto wawili wa dada yake.

Mwanaidi (Tanga) 20:41
Allahu Akbar

Mwanaidi (Tanga) 20:42
Khamis, umemsikia mwenyewe au umeambiwa?

Khamis (Unguja) 20:45
Nimemsikia mwenyewe. Sauti imemkauka lakini ni yeye, kaniita vilevile "ya Khamees". Katumia Starlink ya mtu, ile intaneti ya setilaiti, watu wanapanga foleni na kulipia dakika. Kumbe alishaniandikia tarehe 31 Oktoba, siku zile intaneti huku kwetu imezimwa. Ilipofunguliwa meseji zikamiminika zote kwa pamoja, yake ikazama chini. Sikuiona. Leo kanitumia sauti ndipo nikarudi juu kuitafuta. Nisameheni, nimelia mchana kutwa.

Shufaa (Mombasa) 20:46
Alhamdulillah. Na nduguye Muawiya je?

Khamis (Unguja) 20:53
Muawiya hajulikani alipo.
Nawaandikia alivyosema. Walitoka El Fasher usiku wa tarehe 26, siku ile RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, walipoingia makao ya Divisheni ya Sita ya jeshi. Lile tuta la udongo walilouzungushia mji walilivuka gizani, wamewaziba watoto midomo kwa mikono. Muawiya kambeba mama yake mgongoni. Mbele kidogo wakasimamishwa, wanaume wakatengwa na wanawake. Akaamriwa amshushe. Akamshusha, akavua viatu vyake, akamvisha mama, akamfunga kamba. Ndipo wakamchukua.
Mama kafika Tawila na viatu vya Muawiya. Hataki kuvivua hata kulala.

Rashidi (Temeke) 20:55
Innalillahi. Yaani nimeshindwa hata kuandika.

Mama Nasra (Pemba) 20:57
Yule mtoto aliyetuletea futari 😭

Shufaa (Mombasa) 21:02
Ndiye huyo. Waliojiunga kikundi nyuma hawajui, acheni niwaeleze. Tarehe 15 Aprili 2023, Jumamosi, mwezi 24 Ramadhani. Sisi dakhalia ya wasichana, na RSF wana kambi pale Madina Riyadhia, jirani na chuo kabisa. Asubuhi tukasikia milio, tukadhani ni transfoma. Saa moja baadaye vioo vyashuka. Siku mbili hatuna maji, futari yetu ni tende tatu tatu. Jioni ya tatu mlango wagongwa, Muawiya, na sufuria ya asida, ule ugali wao, kichwani na chupa ya hilu-mur, kinywaji chao cha Ramadhani, kwapani. Katumwa na khalti wao, dada wa mama yao, wa Arkaweet. Kaja kwa miguu, risasi zapita juu. Akaja tena kesho yake, na kesho kutwa. Hata chai hakukaa kunywa, asema khalti ataka sufuria yake.

Mwanaidi (Tanga) 21:04
Sufuria ilikuwa imebonyea ubavuni. Naiona mpaka leo.

Rashidi (Temeke) 21:06
Naomba niirushe hiyo sauti kwenye stetasi na picha ya Muawiya. Watu waione, labda kuna aliyekutana naye.

Khamis (Unguja) 21:09
Hapana Rashidi, nakuomba. Wanaoshikwa njia ile wanadaiwa fidia, ndugu anapigiwa simu atume kwa Bankak, ile programu ya simu ya benki ya Sudan. Wakijua ana watu nje ya nchi bei inapanda, au wanamdhuru. Huda mwenyewe kasema jina lisitoke nje ya kikundi. Hata hapa tusitaje jina la baba.

Rashidi (Temeke) 21:10
Nimeelewa. Nimefuta na picha niliyoituma jana kwa yule jamaa wa Nairobi, nimemwambia naye afute.

Rashidi (Temeke) 21:14
Binti wa khalti yao, yule wa UMST, chuo cha udaktari cha Khartoum, aliyekuja na wenzake Muhimbili mwaka 2023, namba yake ninayo. Yuko Upanga bado. Nimpigie?

Khamis (Unguja) 21:15
Mpigie, usimwandikie.

Rukia (Muscat) 21:21
Nimetoka zamu sasa hivi, nasoma huku machozi yananitoka. Kuhusu pesa sikilizeni. Nipo na nesi wa Kisudani hapa kazini, kaka yake ana Bankak. Mimi nampa riali mkononi, kaka yake anaingiza kwenye akaunti ya mtu wa Tawila, Huda anapewa taslimu. Shida ni hiyo taslimu. Noti hazipo, wenye nazo wanakata kipande kikubwa. Kwa hiyo tukituma laki mbili za Tanzania tusihesabu kuwa laki mbili zimefika. Bora mara moja nyingi kuliko kidogo kidogo, kila mkato unaumiza.

Mama Nasra (Pemba) 21:23
Mimi 50,000. Karafuu hazijauzwa lakini hiyo ipo.

Shufaa (Mombasa) 21:23
Elfu tano za Kenya, natuma kesho asubuhi.

Mwanaidi (Tanga) 21:24
100,000. Khamis, mama yake si ana sukari? Anachoma sindano bado?

Khamis (Unguja) 21:27
Anachoma. Huda anasema wakati wa mzingiro alikaa wiki tatu bila dawa. Mzingiro ulianza Mei 2024, mwisho watu wanakula ambaz, yale makapi ya karanga wanayolishwa wanyama. Huda alikuwa jikoni la takiya la mtaa wao, wanayapika hayo wanawagawia watoto. Sasa Tawila Madaktari Wasio na Mipaka wamempa chupa mbili za insulini, lakini hema ni tanuri.

Mwanaidi (Tanga) 21:33
Mwambie hivi. Atafute vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati ajaze mchanga aulowanishe asubuhi na jioni. Chupa aifunge kwenye mfuko isiingie maji, aiweke chungu cha ndani, afunike kwa kitambaa kibichi, aweke kivulini penye upepo. Na asimpunguzie mama dozi mwenyewe ili dawa idumu, arudi kwa madaktari wampangie. Nafanya kazi wodi ya sukari, nimewaona wanaojibania dawa wanavyoletwa.

Khamis (Unguja) 21:34
Naitafsiri sasa hivi neno kwa neno.

Jaffari (Kigoma) 21:40
Poleni jamani. Wengine wote wa darasa wako wapi? Mimi nilipotea kikundi mwaka mzima.

Shufaa (Mombasa) 21:46
Amna yuko Cairo, afundisha watoto. Tayseer Port Sudan, hospitali, hajalipwa miezi lakini yuwaenda kazini. Osman alirudi Omdurman baada ya jeshi kuishika Khartoum mwezi wa tatu. Kaikuta nyumba yasimama lakini kuta zimechimbuliwa zote kutoa nyaya za shaba, hata swichi hakuna. Abdelrahman alifariki Gezira, tulimsomea hitma hapa. Khalti wa Arkaweet alikimbilia Wad Madani, nayo ikaanguka Disemba 2023, akaenda Gedaref. Yuko huko mpaka sasa.

Jaffari (Kigoma) 21:48
Abdelrahman? Sikujua. Allah amrehemu. Ndiye aliyenifundisha kusoma ramani ya mabasi siku ya kwanza.

Rashidi (Temeke) 22:05
Nimempigia yule binti. Alikuwa anapanda ngazi za kwao, akakaa palepale. Hakusema kitu muda mrefu, nasikia watu wanampita tu. Halafu akauliza: mama amevaa nini miguuni? Sikuwa nimemwambia habari ya viatu. Anasema khalti yake, yaani mama yake Huda, ana miguu ya kuvimba, ndilo jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Nikamwambia.

Mwanaidi (Tanga) 22:07
Ya Rabbi.

Khamis (Unguja) 22:12
Mwanaidi, kuna kipande cha mwisho sikukiandika juu. Ni chako. Huda anasema: "Niombee radhi kwa Mwanaidi, lile boksi la vitabu aliloniachia siku mabasi yanaondoka kwenda Ethiopia, nililiweka kwa khalti chini ya kitanda, nyumba iliungua, sikuweza kulitoa." Anasema Anatomia ilikuwa mpya.

Mwanaidi (Tanga) 22:20
Katembea usiku nne kwa mguu na mama mgonjwa, anakumbuka vitabu vyangu.

Mwanaidi (Tanga) 22:21
Khamis usimtafsirie hili, nitamrekodia mwenyewe, Kiarabu changu kibovu hivyo hivyo atanielewa. Nipe namba ya huyo mwenye Starlink. Na nauliza saizi ya mguu wa Muawiya, nani anakumbuka? Rukia akituma pesa nataka ndani yake kuwe na viatu vya mama, vile vingine avitunze, mwenyewe akija avikute.

Shufaa (Mombasa) 22:24
Alikuwa na mguu mkubwa. Arubaini na nne hivi. Alipanga ndala zake mlangoni zikazidi zetu zote.

Rukia (Muscat) 22:26
Mama je, saizi gani? Nesi wangu anauliza.

Khamis (Unguja) 22:27
Namwuliza Huda. Tiki moja bado.