Baba ana kiharusi, presha 190/105, daktari amezuia dawa

Binti wa Tanga: Habari za usiku ndugu zangu. Baba (miaka 64) jana alfajiri alikwenda kutia udhu, akadondoka. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno hayatoki. CT, ile picha ya ubongo, inaonyesha mshipa umeziba. Presha 190/105, lakini daktari kasema amlodipini, dawa yake ya presha ya kila siku, isitolewe kwanza. Shangazi kanipa kidonge cha nifedipini, nacho cha kushusha presha, nimwekee chini ya ulimi watu wakilala. Niko nacho hapa wodini. Nimpe?

Nesi wa zamu: Usimpe, mdogo wangu. Nakusihi. Mshipa ukiziba, pembeni ya sehemu iliyokufa pana ubongo ambao bado uko hai, unapata damu kidogo kwa kusukumwa na presha hiyohiyo unayoiogopa. Ukiishusha ghafla, nao unakufa. Ndiyo maana siku ya kwanza na ya pili, kama hakupewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, huachwa mpaka 220/120. Hiyo ya chini ya ulimi inaporomosha presha, na hakuna wa kuizuia ikishaanza. Niliwahi kupokea zamu asubuhi nikakuta mguu uliokuwa unasogea jana haujisogezi tena. Ndugu walimpa usiku, kwa mapenzi tu.

Halafu, wamempima kama anameza? Kabla ya hapo hata maji asipewe. Yakipita njia ya hewa ni nimonia.

Mzee wa Korogwe: Mbona mama yangu walimshusha saa ileile, kwa dripu?

Nesi wa zamu: Shikamoo mzee. Huenda wa mama mshipa ulipasuka. Hapo presha inazidisha kuvuja, hushushwa hadi kama 140 ya juu. Kwa macho huwezi kutofautisha, mpaka CT.

Binti wa Tanga: Nimekitupa. Shangazi kanuna. Daktari anasema hali ikitulia ataanza dawa taratibu.

Nesi wa zamu: Pole, atakuelewa. Mkirudi nyumbani ndipo kazi ilipo, maana sasa dawa ni kila siku, lengo chini ya 130/80. Wengi wakiona 120 wanaacha, na kiharusi cha pili kinawakuta hapo. Miguu ikivimba kwa amlodipini, mwambie daktari abadilishe, msiikatishe wenyewe. Mpime presha mkono wa kushoto, akiwa amekaa dakika tano, uandike kwenye daftari.

Binti wa Tanga: Daftari ninalo. Asante dada.