Naomba ushauri: Paje mwezi wa Julai, tiara ya mita 9 au 12?

Wadau wa Kisumu mliowahi kuteleza kwa tiara (kusimama kwenye ubao majini huku tiara ikikuvuta) kule Paje, Unguja, naomba mwongozo. Nina kilo 78, na mzigo wa ndege unaniruhusu tiara moja tu. Julai ni Kusi, msimu wa upepo wa kusini: upepo unatoka mkono wa kulia ukitazama bahari, tofauti na huu wetu wa ziwa unaoamka alasiri. Upepo wa noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa) unataka tiara ya mita za mraba 12. Noti zikifika 20, hiyo itanivuta mno. Au nibebe 10 na ubao mpana?

Kinachonisumbua zaidi ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi. Maji yakipwa, vigingi na kamba za mashamba ya mwani hujificha chini kidogo tu ya uso. Ubao ukinasa, tiara inakurusha mbele. Mnaingia saa ngapi baada ya maji kuanza kujaa? Viatu je, soli ngumu?